Ufasaha Si Amana

Miongoni mwa nasaha wanazopewa watu wanaotaka kutia fedha zao katika sarafu za kidijitali, iko moja inayokaririwa mno hata imekuwa kama kanuni: ukifungua tovuti ya mradi ukakuta Kiingereza chake kina makosa, vitenzi havipatani na viima vyake, herufi zimepotoka na sentensi zimekatika njiani, ifunge tovuti hiyo uende zako, kwani mwenyewe ni tapeli. Nasaha hii ina asili yake na ina watu iliowaokoa, na si haki kuidharau. Lakini madhali imeenea hata imeshika mahali pa uchunguzi wenyewe, na madhali wapo wanaodhani kwamba kinyume chake pia ni kweli, yaani kwamba Kiingereza safi ni alama ya mikono safi, imekuwa wajibu kuipima. Nami katika makala haya nataka kuonyesha kwamba sarufi ni shahidi dhaifu wa uaminifu. Kwamba mwekezaji anayemtegemea shahidi huyo huwadhulumu wasio na hatia na kuwafungulia mlango wenye hatia. Na kwamba limo katika maandishi ya miradi hii jambo jingine, kubwa kuliko sarufi, linalostahili kusomwa kwa makini zaidi.

Tuanze kwa insafu. Mtu anayewaomba watu wasiomjua mamilioni ya dola, asitoe fedha kidogo kumlipa mhariri asome sahifa moja kabla haijatangazwa, ametoa habari juu ya nafsi yake: huenda ana haraka, huenda hana wenzake wa kumsahihisha, huenda hakusudii kukaa. Tena kosa la herufi limepata kuokoa mali. Mwezi Februari 2016 wezi waliopenya katika mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni 1 kutoka katika akaunti ya benki hiyo iliyokuwa katika benki ya Federal Reserve ya New York. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino na sehemu kubwa yake ikapotelea huko, lakini agizo la dola milioni 20 lililokuwa likielekea kwa shirika moja la Sri Lanka lilikwama, kwa sababu wezi waliandika "fandation" walipokusudia "foundation", na Deutsche Bank, iliyokuwa ikizipitisha fedha hizo, ikauliza maana yake. Atakayesema basi kwamba kosa la uandishi halina maana yoyote atakuwa amepotoka. Maana linayo, nayo ni kwamba swali liulizwe. Benki ile haikutoa hukumu juu ya neno moja. Iliuliza, na kule kuuliza ndiko kulikookoa mali.

Ubovu wa nasaha yetu huanza pale swali linapogeuzwa hukumu. Elimu ya sarafu hizi haikuzaliwa katika taifa moja wala haikulelewa na lugha moja. Vitalik Buterin, aliyeandika waraka wa kuueleza mradi wa Ethereum mwishoni mwa mwaka 2013, alizaliwa Kolomna nchini Urusi akahamia Kanada akiwa mtoto. Mradi wa NEO ulianzishwa China mwaka 2014 kwa jina la Antshares. Mchezo wa Axie Infinity, uliowaingiza watu wa mataifa mengi katika biashara ya tokeni, uliundwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Na mafundi wa Korea, wa Ukraine na wa India wamo katika kila pembe ya kazi hii. Aghalabu ya watu hawa wamekipata Kiingereza darasani, kama tulivyokipata wengi wetu, na lugha zao za kwanza zina kanuni zisizofanana na za Kiingereza. Kirusi, Kichina na Kikorea havina kile kineno "the" ambacho Mwingereza hamalizi sentensi tatu bila ya kukitumia, wala Kiswahili hakinacho. Basi mhandisi wa Seoul au wa Moscow anapokiacha mahali kinapotakiwa, au anapokitia mahali kisipotakiwa, ametufahamisha alikolelewa, hajatufahamisha kama ni mwizi. Kumwita mtu tapeli kwa taksiri ya namna hiyo ni kumhukumu kwa ukoo wake.

Na hukumu hiyo hupita ndani ya nafsi pasipo mwenyewe kuihisi. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar, walichapisha utafiti ambao kila mwenye fedha angefaa kuujua. Waliwasikilizisha wenyeji wa Kiingereza kauli fupi za maarifa ya kawaida, kama ile isemayo kwamba twiga huweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia, nyingine zikisemwa na wenyeji wenzao na nyingine na wageni wenye lafudhi za kwao. Wasikilizaji walielezwa mapema kwamba wasemaji wanasoma tu maneno waliyopewa, hivyo ujuzi wala nia ya msemaji haimo katika jambo lenyewe. Hata hivyo, kauli zilizosemwa kwa lafudhi ya kigeni zilipewa daraja ya chini ya ukweli. Watafiti waliieleza sababu, nayo ni kwamba akili, inaposumbuka kulifahamu neno, huuchukua usumbufu ule ikauhesabu kuwa ni upungufu wa ukweli. Utafiti huo ulihusu sauti na wala haukuhusu maandishi, lakini unatosha kututia hadhari: ile hisia ya shaka inayotupata tunaposoma Kiingereza kilichopinda huweza kuwa ni uchovu wa msomaji, nayo ikavaa vazi la busara.

Lau sarufi ingekuwa dhamana, hasara kubwa kabisa za biashara hii zisingetokea, kwa maana zimeletwa na watu waliosema na kuandika Kiingereza kisicho na ila. Ruja Ignatova, mwenye shahada ya udaktari wa sheria kutoka Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, alipanda jukwaa la Wembley, London, mwezi Juni 2016, akahutubia maelfu ya watu kwa Kiingereza kinyoofu. Sarafu yake ya OneCoin haikuwa na blokicheni ya kweli, yaani daftari la wazi la miamala, nyuma yake. Mwenyewe alitoweka Oktoba 2017. Na waendesha mashtaka wa Marekani wamezikadiria fedha zilizochukuliwa kuwa dola bilioni 4. Miongoni mwa waliozitoa walikuwamo watu wa Uganda, jirani zetu, ambao shaka yao, kama walikuwa nayo, ilizimwa na ufasaha ule na kisomo kile.

Mfano wa pili na wa tatu yafaa kutazamwa pamoja, kwa sababu inafundisha mambo mawili tofauti. Sam Bankman-Fried, mhitimu wa chuo cha MIT na mtoto wa maprofesa wa sheria wa Stanford, aliendesha soko la FTX ambalo masharti yake yalieleza, kwa Kiingereza cha wanasheria, kwamba sarafu anazoweka mteja hubaki kuwa mali ya mteja mwenyewe. Ilhali amana hizo zilikuwa zikitumiwa na kampuni nyingine ya bwana huyohuyo, Alameda Research, hata FTX ilipoanguka Novemba 2022 pengo likawa la takriban dola bilioni 8. Machi 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Hapo sentensi ilikuwa sahihi kwa sarufi na ya uongo kwa maana. Katika kampuni ya Celsius, iliyoomba kinga ya muflisi Julai 2022, mambo yalikuwa kinyume: masharti ya akaunti zake za kuzalisha faida yalisema waziwazi kwamba mteja akiweka sarafu, umiliki wake unahamia kwa kampuni. Wengi hawakuyasoma, au waliyasoma wasiyafahamu. Na Januari 2023 Jaji Martin Glenn wa New York aliamua kwamba mali iliyokuwa katika akaunti zipatazo 600,000, yenye thamani ya dola bilioni 4.2, ni ya kampuni iliyofilisika na si ya walioiweka. Hapo sentensi ilikuwa sahihi kwa sarufi na ya kweli kwa maana, na bado ikawapokonya watu mali yao, kwa kuwa ilifukiwa chini ya maneno mengi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na katika mambo haya mawili mkakasi ulikuwa mzuri sana.

Fauka ya hayo, ufasaha huweza kuibwa. Mwezi Januari 2018 iligunduliwa kwamba waraka wa Kiingereza wa mradi wa TRON ulikuwa na sehemu zilizonakiliwa kutoka katika nyaraka za miradi ya IPFS na Filecoin bila ya wenyewe kutajwa. Mwasisi wake, Justin Sun, alijibu kwamba asili ya Kichina ilikuwa na rejea zake na kwamba tafsiri ilifanywa na watu wa kujitolea. Vyovyote iwavyo kuhusu udhuru huo, msomaji aliyekuwa akitafuta makosa ya sarufi tu asingeuona wizi ule, kwa kuwa sentensi iliyonakiliwa kutoka kwa mwandishi hodari huja na uhodari wake. Mei mwaka huohuo gazeti la Wall Street Journal lilizipitia nyaraka za miradi 1,450 iliyokuwa ikiuza sarafu mpya, likakuta 271 kati yake zina dalili za hatari: maandishi ya kunakili, ahadi za faida ya uhakika, na viongozi waliokosekana au wa kubuni. Ni dhahiri kwamba mwenye kunakili hakosei sana herufi.

Ufasaha huweza pia kutengenezwa. Katika mwezi uleule wa Mei 2018 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, iliunda tovuti ya mradi usiokuwapo, ikauita HoweyCoins, jina lililotokana na kesi mashuhuri ya mwaka 1946 katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Tovuti ilikuwa nzuri ya kutamanisha: safari za anasa, sifa kutoka kwa watu maarufu, waraka wa maelezo, na saa iliyohesabu muda wa punguzo la bei. Aliyebonyeza ili anunue alipelekwa kwenye mafunzo ya namna ya kuitambua hadaa. Maofisa wa serikali walituthibitishia kwa njia hiyo kwamba wajihi mzuri hauhitaji mradi nyuma yake. Na tangu kampuni ya OpenAI ilipoitoa ChatGPT, mashine inayoandika inachoagizwa, kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, Kiingereza kisicho na kosa kimekuwa kitu ambacho tapeli yeyote anaweza kukipata kwa dakika chache. Na hata kabla ya mashine hiyo ufasaha ulikuwa umewafikia wezi: kundi la Lazarus la Korea Kaskazini, linalotajwa na Marekani kuwa ndilo lililofanya wizi wa Bangladesh, ndilo pia ambalo idara ya FBI ililitaja kuwa lilichukua sarafu za zaidi ya dola milioni 600 kutoka katika mtandao wa Ronin wa mchezo wa Axie Infinity mwezi Machi 2022. Na njia iliyoripotiwa kuwa ndiyo waliyoingilia ni barua bandia ya kazi yenye mshahara mnono, iliyoandikwa vizuri kiasi cha kumhadaa mhandisi mzoefu. Waliokosea neno moja mwaka 2016 walikuwa wamejifunza ilipofika mwaka 2022.

Hata kosa lenyewe, likiwapo, laweza kuwa la makusudi. Mwaka 2012 Cormac Herley wa idara ya utafiti ya Microsoft alitoa hoja kwamba wale wanaotuma barua za ulaghai zenye hadithi zisizosadikika hawakosi akili: wanataka wenye hadhari wajiondoe mapema, wabaki wepesi wa kuamini peke yao, ili wasipoteze muda kwa asiyekamatika. Hoja yake ilihusu hadithi, lakini kosa la lugha laweza kufanya kazi ileile. Ikiwa maandishi mabovu yaweza kuwa ya mwema aliyekosa mhariri, au ya tapeli mvivu, au ya tapeli mwerevu aliyekusudia, na ikiwa maandishi mazuri yaweza kuwa ya mkweli, au ya mwizi, au ya mashine, basi shahidi huyu hasemi neno la kutegemewa peke yake.

Lipo hata hivyo kosa la pili, lisilo la sarufi, nalo ndilo linaloangamiza. Ni kosa la maana: sentensi iliyonyooka kabisa ambayo ukiisoma mara tatu hukuti ndani yake ni nani anafanya nini kwa mali ya nani. Mradi wa BitConnect, ulioanza mwaka 2016 ukaanguka Januari 2018, uliwaambia watu kwamba kuna programu inayofanya biashara kwa kufuata kupanda na kushuka kwa bei ya Bitcoin, na kwamba kwa kazi ya programu hiyo mtu aliyeukopesha mradi fedha zake angepata faida iliyoweza kufika asilimia 40 kwa mwezi. Haikuelezwa popote jinsi programu ile inavyofanya kazi, wala hakuonekana mkaguzi aliyezitazama hesabu zake. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema baadaye kwamba waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na jumla ya fedha zilizochukuliwa waliitaja kuwa dola bilioni 2.4. Msomaji aliyeshughulika na vitenzi na viima aliliacha swali lenyewe: faida hii hutoka wapi?

Kwa hiyo naona kwamba maswali ya kuyapeleka kwenye kila waraka wa namna hii ni matatu, nayo hayahitaji Kiingereza cha chuo kikuu. Kwanza, mali yangu itashikwa na nani, na kwa sheria ya nchi gani? Pili, faida inayoahidiwa itazalishwa na kazi gani, na nani ameikagua kazi hiyo? Tatu, nikitaka kutoka leo, nitatokaje, na nani anaweza kunizuia? Majibu ya maswali hayo hayatafutwi katika ufasaha: waraka wa Bitcoin uliotolewa tarehe 31 Oktoba 2008 una kurasa tisa tu, na Kiingereza chake ni safi, lakini hadi leo aliyejiita Satoshi Nakamoto hajulikani ni nani, na usafi wa lugha yake haukusaidia kumtambua. Waliokuja kuiamini kazi yake hawakuiamini kwa ufasaha: msimbo uliwekwa wazi, kila mwenye ujuzi aliweza kuusoma na kuuendesha katika kompyuta yake, na kila muamala ukaandikwa katika daftari linaloonekana na wote. Hiyo ndiyo ithibati. Yasikitisha kwamba uvumbuzi uliokusudiwa kumwondolea mtu haja ya kumwamini asiyemjua umezungukwa na biashara inayomtaka aamini rangi ya tovuti na mpangilio wa maneno.

Jambo hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee, kwa kuwa mara nyingi mwandishi wa mradi na msomaji wake wote ni wageni katika lugha inayowakutanisha. Mwekezaji wa Mwanza au wa Kisumu anayesoma Kiingereza cha mhandisi wa Hanoi hana uhakika kama asichokielewa ni kosa la mwandishi au ni upungufu wake mwenyewe, na aghalabu, kwa heshima tuliyofundishwa kuipa lugha hiyo, hujilaumu nafsi yake akatia saini. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni kuskaniwa mboni za macho na mradi wa Worldcoin ili wapate tokeni za thamani ya takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru alama zile za miili zifutwe, ikiona kwamba ridhaa iliyovutwa kwa tokeni haikuwa ridhaa halali. Maandishi ya mradi ule hayakuwa na upungufu wa sarufi. Upungufu ulikuwa katika njia iliyotumika kuwafikishia wananchi mkataba wao.

Basi dawa haiwezi kuachwa mikononi mwa msomaji peke yake. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake iitwayo MiCA iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 30 Desemba 2024, umeamuru kwamba waraka wa sarafu uwe wa haki, wa wazi na usiopotosha. Uwe na muhtasari kwa maneno mafupi yasiyo ya kitaalamu. Na mtoaji wake awajibike kwa mwenye mali ikiwa habari zake ni pungufu au za kupotosha. Yafaa tuutazame mpango huo kwa taamuli, kwa kuwa unaigeuza sentensi kuwa ahadi yenye mdhamini. Kenya imepata sheria yake ya watoa huduma za mali za kidijitali mwezi Oktoba 2025. Tanzania, ambayo Benki Kuu yake ilitoa tahadhari ya kuzikataza sarafu hizi Novemba 2019, mwaka 2024 iliweka kodi ya asilimia 3 juu ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Maadamu serikali inatoza kodi juu ya biashara, haiwezi kukwepa wajibu wa kuwalinda wanaoifanya. Kiswahili ni lugha rasmi Kenya kwa katiba ya mwaka 2010, na Tanzania kimefanywa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021. Sioni udhuru wowote wa kuruhusu mradi upokee fedha za Mswahili pasipo kumpa maelezo ya Kiswahili anayoweza kuyasoma, kuyauliza na kuyapeleka mbele ya hakimu.

Nao vijana wetu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaounda mifumo hii, ambao naamini wamo wengi walio waaminifu na hodari, wasiufanye umombo kuwa kizuizi wala kichaka. Waandike kwanza kwa lugha wanayoimiliki, waeleze kazi yao kwa sentensi fupi, wamtafute mhariri kama wanavyomtafuta mkaguzi wa msimbo, wayaweke majina yao na anwani zao wazi, na waseme hasara inayoweza kutokea kabla ya kuitaja faida. Mwenye kufanya hayo atakuwa amemheshimu msomaji, hata kama kuna mahali kiima na kitenzi chake vimegombana.

Ama mwenye mali, ambaye jasho lake ndilo linalotafutwa na wote hawa, namwomba asiache kusoma kwa makini, bali abadili anachokitafuta. Akikuta kosa la lugha, na aulize. Asipolikuta, na aulize vilevile. Jibu likikosekana, usafi wa sarufi usimzuie kuondoka. Na jibu likiwapo, nalo likathibitika kwa msimbo, kwa hesabu na kwa watu wanaoweza kushitakiwa, ubovu wa sarufi usimfukuze.